Kabla ya kununua kiyoyozi, tazama paa lako

Kila unapoingia msimu wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, mazungumzo ya barazani baada ya swala ya Isha hapa Dar es Salaam na kule Tanga huwa ni mawili: joto na luku. Mwenye kiyoyozi analalamika kuwa uniti zinakwisha kabla mwezi haujafika katikati. Asiye nacho anawaza kukinunua, tena mara nyingi kwa mkopo wenye riba, jambo ambalo peke yake lingetosha kumfanya Muislamu asimame na kufikiri.

Swali linaloulizwa ni hili: je, kutumia kiyoyozi ni israfu? Jibu ni kuwa kujikinga na joto si israfu. Katika Surat An-Nahl, aya ya 80 na 81, Allah (SW) anataja nyumba kuwa ni mahali pa utulivu, kisha anataja vivuli, hifadhi za milimani na nguo za kukinga joto, kuwa vyote ni katika neema Zake kwetu. Na Mtume (SAW), katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, ameelekeza swala ya Adhuhuri icheleweshwe joto linapokuwa kali, mpaka kupoe. Basi sheria inalitambua joto kuwa ni uzito. Israfu inayokatazwa katika Surat Al-A'raf, aya ya 31, ni ya kuvuka kiwango. Na hapo ndipo wengi wetu tulipo: tunalipia ubaridi unaotoka nje kupitia dirishani, na tunalipia kuondoa joto tulilolikaribisha wenyewe.

Ndugu msomaji, hebu tupande Karatu tukajifunze. Mto wa Mbu, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, ni mji wa joto. Ukipanda ule ukuta unafika Karatu, kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa imekwishabadilika. Ukiendelea hadi ukingo wa kreta ya Ngorongoro, mita 2,300 hivi, usiku wa Juni na Julai nyuzi hushuka chini ya 10. Huko tatizo la nyumba ni baridi, na hatari yake ni jiko la mkaa kuwekwa ndani ya chumba kilichofungwa, kwani hewa yake huua watu wakiwa usingizini.

Wairaqw, wenyeji wa nchi hiyo ya Karatu na Mbulu, zamani walijenga nyumba zilizochimbwa ubavuni mwa kilima, kuta za miti na udongo, na paa la udongo mzito ambalo kwa mbali huwezi kulitofautisha na ardhi. Sababu moja kubwa ilikuwa ni kujificha wao na mifugo yao wasivamiwe. Lakini faida nyingine ni kuwa udongo mnene hauruhusu joto kupita haraka. Jua la mchana lilichukua saa nyingi kupenya, na usiku ulipokuwa baridi, ndani palibaki na uvuguvugu. Leo wengi Karatu wanajenga kwa matofali na bati kama sisi, na matokeo ni nyumba yenye fukuto adhuhuri na baridi kali alfajiri.

Je, tuige nyumba hiyo Temeke au Magomeni? La, na hapa ndipo penye somo. Ukuta mnene unafaa pale ambapo usiku unapoa kweli, ili ukuta utoe joto ulilobeba. Pwani mwezi Februari, mchana ni nyuzi 32 na usiku ni 25 hivi. Ukuta wa saruji uliopigwa na jua la magharibi tangu saa nane unaanza kutema joto chumbani wakati mnalala.

Tazama pia mtungi wa maji. Uweke Mang'ola, bondeni karibu na Ziwa Eyasi, humo humo katika wilaya ya Karatu, ambako kuna joto lakini hewa ni kavu: maji yatapoa vizuri, kwa sababu unyevu wa nje ya mtungi unakauka upesi na kuondoka na joto. Ulete Kariakoo, hautapoa kiasi hicho, maana hewa yetu imekwishajaa unyevu. Jasho letu ni hivyo hivyo. Ndiyo maana upepo wa pangaboi una thamani kubwa pwani, na ndiyo maana kiyoyozi kinadondosha maji: sehemu ya umeme wako inatumika kukamua unyevu. Kwa hiyo anayewasha kiyoyozi dirisha likiwa wazi, au anayeanika nguo mbichi chumbani humo, anakipa kazi isiyo na mwisho.

Sasa tupige hesabu. Kiyoyozi kidogo cha kawaida, kompresa inapofanya kazi, hula kama uniti moja kwa saa. Tuseme kwa usiku wa saa nane kompresa imefanya kazi saa sita. Hizo ni uniti 6, na kwa mwezi 180. Kwa bei iliyopangwa na EWURA mwaka 2016 kwa mtumiaji wa kawaida, shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, ni shilingi 52,560. Pangaboi la wati 70 kwa saa hizo hizo nane linakula uniti 17 hivi kwa mwezi, yaani kama shilingi 4,900. Tofauti hiyo kwa familia nyingi ni ada ya madrasa ya watoto, na chenji inabaki.

Basi anza na paa. Bati tupu bila dari ni jiko lililogeuzwa. Weka dari, acha matundu ya hewa kwenye kingo za paa ili joto lililo juu ya dari litoke, na ukiweza lipake bati rangi nyeupe. Pili, ukuta wa magharibi: panda mwarobaini au mkungu, jenga kibaraza, au tundika hata jamvi kwa nje. Pazia la ndani halifanyi kazi hiyo, kwa sababu jua likishavuka kioo limekwishaingia. Anayejenga leo aelekeze madirisha makubwa kaskazini na kusini, ambako paa lenye ukingo mpana hulikinga jua, na pepo za kaskazi na kusi zipite chumba kwa chumba.

Ukishafanya hayo na bado ukahitaji kiyoyozi, pengine kwa mgonjwa, mzee au kichanga, kitumie katika chumba kimoja. Weka rimoti kwenye nyuzi 26 na uwashe pangaboi pamoja nacho. Kukiweka kwenye 16 hakupozi chumba haraka zaidi. Kinachofanyika ni kukizuia kisipumzike. Osha filta kila mwezi, ziba chini ya mlango. Kama unanunua kipya, chenye inveta ni ghali dukani lakini kinakula umeme kidogo. Na yale maji yake yasimdondokee jirani, ana haki yake.

Ukitaka uhakika, soma mita kabla ya kulala na baada ya Alfajiri kwa siku tatu ukiwa kwenye 20, kisha siku tatu kwenye 26 na pangaboi. Linganisha mwenyewe.

Limebaki la misikiti. Iko misikiti yetu ya mjini ambayo viyoyozi vinawashwa saa nzima kabla ya Ijumaa, milango yote ikiwa wazi, na luku inanunuliwa kwa sadaka za waumini, wakiwemo wauza maji na mama lishe. Kamati zifunge milango na kuviwasha dakika chache kabla ya khutba, au zirudi kwenye mapangaboi na madirisha makubwa yaliyojengwa na waliotutangulia, ambayo katika misikiti mingine yamezibwa ili viyoyozi vipate nafasi.