Nani Ameketi Pale? Masimulizi ya Watu Wazima kama Somo la Isimu

Mikusanyo mingi ya fasihi simulizi hutupa hadithi yenye mwanzo, mwisho na funzo, kana kwamba ilisimuliwa mahali pasipo watu. Makala haya yanadai kwamba katika masimulizi ya watu wazima msikilizaji ni sehemu ya matini. Mtafiti asiyemwandika amekusanya nusu tu.

1. Mahali

Kolwezi ulianzishwa mwaka 1937 kwa ajili ya migodi ya Union Minière. Kisanga, Kiluba, Kilunda na Kichokwe vilikutana hapa, na Kiswahili kikawa lugha ya kambi na ya soko. Leo, katika komini ya Dilala, watu wazima wa lugha hizo huketi pamoja usiku kwenye kilio. Kati ya wimbo na wimbo mzee husimulia maisha ya marehemu, asili ya ukoo, au kisa cha Kalulu, sungura mjanja, ambacho usiku huo si cha watoto.

2. Lugha

Kiswahili sanifu huanza kwa «hapo zamani za kale palikuwa na mtu». Kwetu husemwa «kulikuwaka mutu moya». Hicho -ak- si kosa. Huonyesha hali iliyoendelea au mazoea, na kina ndugu zake katika lugha nyingi za Kibantu. Vivyo hivyo «alitembea, alitembea, alitembea» si maneno ya ziada: urefu wa njia umo katika marudio na katika sauti inayovutwa. Wimbo ulio ndani ya hadithi, nao, mara nyingi hubaki katika lugha ulikotoka, kwa sababu toni na mahadhi havihami kwa urahisi. Anayeusafisha mseto huo ili matini yawe «Kiswahili kizuri» anafuta historia ya mji.

3. Msikilizaji

Utendi wa Mwindo wa Wanyanga, uliochapishwa na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene mwaka 1969, ulisimuliwa na Rureke mwaka 1956 kwa siku kumi na mbili. Yeye mwenyewe hakuwahi kabla ya hapo kuusimulia wote kwa mfululizo. Ukamilifu tunaousoma kitabuni ulitokana na ombi la watafiti. Kwa kawaida zilisimuliwa sehemu zake tu. Kwa Waluba, wataalamu wa chama cha Mbudye walisoma lukasa, ubao wenye shanga, na shanga zilezile ziliweza kutoa masimulizi tofauti kulingana na tukio na waliokuwapo.

Sasa tuchukue mfano wa kubuni. Ndugu wanagombea nyumba ya marehemu. Mjomba anasimulia jinsi Kalulu alivyovuna peke yake shamba lililolimwa na wote. Kwenye karatasi, funzo ni kwamba uchoyo ni mbaya. Pale uani, kila mtu anajua Kalulu ni nani. Kwa istilahi ya pragmatiki, hicho ni kitendo-uneni cha kushtaki, tena kilichotengenezwa kwa ustadi: atakayejibu amejitaja mwenyewe. Ndiyo maana mjomba hakuhitaji kumtukana mtu mbele ya wageni.

4. Mbinu

Hapa kuna ugumu wa kweli. Tukiacha kuandika waliokuwapo, maana inapotea. Tukiandika majina yao, tunatoa ugomvi wa familia nje. Ninapendekeza mambo matatu. Kwanza, tuandike uhusiano badala ya majina: mjomba, mkwe, mdogo wa marehemu. Pili, tuombe ruhusa kwa msimulizi na kwa wenye msiba pia, na tusiwashe kinasa sauti mpaka wote wawili wamekubali. Tatu, turudi kwa msimulizi baada ya matanga kuvunjwa, tusikilize naye, tumwulize: «Hapa ulikuwa unamwambia nani?» Akikataa kujibu, tuandike kwamba amekataa. Ukimya huo nao ni data, na haki ya kuuvunja ni ya msimulizi.