SOMO: KUMWONDOA AIPTASIA KATIKA TANGI LA MATUMBAWE

Wafugaji wa samaki wa maji ya bahari wanakumbushwa kuwa aiptasia, kiumbe laini mwenye umbo la ua, huingia tangini akiwa amejificha jiweni, kisha huyachoma matumbawe jirani kwa sumu. Asikatwe wala asikwanguliwe: kipande kidogo cha mguu wake huota kiumbe kamili.

Vaa glavu na miwani. Zima pampu, mfunike kinywa kwa uji mzito wa chokaa safi, ngoja nusu saa, ndipo uwashe. Watibiwe wachache kwa siku, kwani chokaa nyingi huua samaki.

Mawe na maji ya tangi yasitupwe baharini. Samaki-simba walionekana Florida, Marekani, mwaka 1985, na hudhaniwa walitoka matangini. Sasa wametapakaa Bahari ya Karibi.