Sindano ya Chafya na Maswali Yake

Mtoto wa Umoja au Kayole, Nairobi, anaamka akipiga chafya mfululizo, pua inamwasha, macho yanamtoka machozi. Nyumbani wanasema ni homa. Lakini homa ya virusi huisha baada ya siku chache. Hii hurudi kila kitanda kinapotandikwa. Huo ni mzio wa pua, na mara nyingi chanzo chake ni kinyesi cha utitiri, wadudu wasioonekana kwa macho wanaoishi kwenye godoro na kula magamba ya ngozi yetu.

Mwili wa mtoto huyu hutengeneza kingamwili iitwayo IgE, ambayo Kimishige na Teruko Ishizaka waliieleza mwaka 1966. Ina umbo la Y. Mguu wake hukaa kwenye seli za masti ndani ya pua kama plagi kwenye soketi, mikono ikibaki nje. Protini ya utitiri ikishikwa na IgE mbili kwa pamoja, seli humwaga histamini, na hapo ndipo muwasho na kamasi huanza. Kidonge cha Piriton hupambana na histamini ambayo tayari imemwagika.

Dawa ya sindano iitwayo omalizumabu huanzia mbali zaidi. Ni kingamwili ya maabara inayoshika mguu wa IgE ingali inaelea kwenye damu, isiifikie seli. Ile iliyokwisha kukaa haiigusi, na ni heri: ingeziunganisha mbili pale, ingezua chafya ileile. Ndiyo maana nafuu huja polepole. Japani iliidhinisha dawa hii mwaka 2019 kwa mzio mkali wa chavua ya mierezi. Mguu wa IgE ni uleule hata kwa utitiri.

Tutajuaje kama inasaidia? Dalili za pua hupanda na kushuka zenyewe. Kwa hiyo wagonjwa hugawanywa kwa kura: wengine hupata dawa, wengine sindano isiyo na dawa, na si mgonjwa wala daktari anayejua ni ipi. Kila siku mgonjwa huandika ukali wa dalili, pamoja na vidonge alivyomeza. Bila hilo la mwisho, sindano itasifiwa kwa kazi ya Piriton.

Kuna jambo zito zaidi kwetu. IgE hushiriki pia kupigana na minyoo. Jaribio la Brazil lililochapishwa mwaka 2007, lenye watu 137, liliona maambukizi ya minyoo yakizidi kidogo kwa waliopata dawa hii, ingawa tofauti hiyo huenda ilikuwa ya bahati tu. Tena, wagonjwa wengi huenda hawajulikani kliniki: utafiti wa Tupumue uliopima watoto zaidi ya 2,300 wa Mukuru na Buruburu ulikuta Mukuru kuna dalili nyingi zaidi za kifua, lakini watoto wachache zaidi walioambiwa na daktari kwamba wana pumu.

Jaribio la sindano hii likija Nairobi, wagonjwa watafutwe mlango kwa mlango, si kliniki pekee, na choo chao kipimwe minyoo kabla ya sindano na baada yake.