Kubadilisha Mdomo wa Bampa

Chini ya bampa ya mbele ya gari la kasi, kama Subaru Impreza, huwa kuna kipande chembamba cha plastiki. Tukiite mdomo. Hupunguza hewa inayopita chini ya gari, ili magurudumu ya mbele yashike barabara vizuri. Lakini matuta ya Kisumu hayana adabu, huupasua.

Kuubadilisha nyumbani si kazi ngumu. Hatari ni jeki. Jeki ni ya kuinua, si ya kushikilia! Egesha mahali tambarare, vuta breki ya mkono, zuia magurudumu ya nyuma kwa mawe, kisha tia stendi za chuma kabla ya kuingiza hata mkono. Fungua skrubu za mdomo wa zamani, osha tope. Ule mpya ufunge kwanza katikati, halafu pembeni. Usikaze mno, plastiki itapasuka. Shusha gari, zungusha usukani huku na huku uone kama tairi linaugusa.