Jina la Kukodisha: Historia ya NIIT na Suala la Lugha katika Mafunzo ya Tarakilishi

Mwandishi wa makala hii alimaliza kidato cha nne mwaka 2014 na, kama ilivyokuwa desturi, akapelekwa mjini kusomea 'pakeji' katika chuo kidogo cha tarakilishi kilichokuwa ghorofani, juu ya duka la mbolea. Mama aliuza mtamba ili karo ipatikane. Cheti kilikuwa na nembo ya kampuni ya ng'ambo ambayo hata walimu hawakujua makao yake. Kabla ya mwaka kwisha, ubao wenye jina hilo uliteremshwa, ukapandishwa mwingine. Walimu, madawati na tarakilishi vikabaki vile vile. Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza: mwanafunzi hununua nini hasa anapolipia jina la chuo? Ili kulijibu swali hili, tuitazame kampuni iliyoukuza mfumo huu kuliko nyingi, nayo ni NIIT ya India.

NIIT ilianzishwa mwaka 1981 na Rajendra Pawar na Vijay Thadani, wahitimu wa taasisi ya teknolojia ya IIT mjini Delhi. Wakati huo tarakilishi zilikuwa adimu nchini humo. Kampuni ya IBM ilikuwa imefunga shughuli zake huko kufuatia mvutano na serikali uliofikia kilele mwaka 1977 kuhusu umiliki wa hisa, na ushuru wa kuingiza mitambo ulikuwa mkubwa. Kufundisha kazi ya tarakilishi mahali ambapo tarakilishi zenyewe hazijafika kulihitaji imani ya pekee! Hata hivyo, mambo yaligeuka Rajiv Gandhi aliposhika madaraka mwaka 1984. Serikali yake ililegeza masharti na kupunguza ushuru, ofisi zikaanza kutafuta wafanyakazi wenye ujuzi, nao vyuo vikuu havikuweza kuwapokea vijana wote waliotaka kujifunza.

Ni katika hali hiyo ambapo NIIT, mwaka 1987, ilianza kutumia mfumo ambao hapa nitauita wa kukodisha jina, hadi wanaistilahi wetu watupatie neno bora. Utaratibu wenyewe ni huu: kampuni mama hutoa jina, mtalaa, vitabu, mitihani na cheti, mfanyabiashara wa mjini huleta chumba, tarakilishi, umeme na walimu, kisha karo hugawanywa baina yao. Kwa njia hii, kampuni huweza kuenea hadi miji midogo pasipo kujenga hata ukuta mmoja. Mshindani wake, Aptech, iliyoanzishwa mwaka 1986, ilifuata njia hiyo hiyo. Vijana wengi walisoma shahada chuoni asubuhi na tarakilishi jioni, kwa kuwa waajiri walikiamini cheti cha jioni.

Mwaka 1993 NIIT iliingia katika soko la hisa. Hofu ya tarakilishi kukwama mwaka 2000 ilizidisha mahitaji ya waandishi wa programu, nayo madarasa yakafurika. Kisha hisa za kampuni za mtandao zikaporomoka, kazi zikapungua Marekani, na idadi ya wanafunzi ikashuka India. Hapa ndipo upungufu wa mfumo huu unapodhihirika. Kampuni mama hupoteza sehemu yake ya karo, lakini kodi ya chumba na mishahara humwangukia aliyelikodi jina. Na akifunga milango, mwanafunzi aliyefika nusu ya kozi huachwa njia panda.

Kwa msomi wa lugha, hata hivyo, sura iliyo na utamu zaidi katika historia hii ilitukia nje ya darasa. Mnamo Januari 1999, Sugata Mitra, aliyekuwa mwanasayansi mkuu wa NIIT, alitoboa ukuta uliotenganisha ofisi yao na mtaa wa mabanda wa Kalkaji, New Delhi, akaweka tarakilishi iliyounganishwa na mtandao. Hapakuwa na mwalimu, na watoto wa mtaa ule hawakujua Kiingereza. Muda si muda wakawa wanafungua kurasa na kuchora. Aidha, waliunda istilahi zao: kishale cha kwenye kioo wakakiita sindano, na ile alama ya kungoja, iliyochorwa kama shisha ya mchanga, wakaiita kwa jina la ngoma ndogo ya mungu Shiva, iliyobana kiunoni. Hakuna kamati iliyoketi. Walitazama umbo, wakachukua neno lililokuwa nyumbani. Sisi tungali tunabishania tarakilishi na kompyuta, puku na kipanya.

Sikusudii kuusifu ukuta ule kupita kiasi. Payal Arora, aliyezuru baadhi ya maeneo ya kaskazini yaliyowekewa vibanda vya aina hiyo, alikuta vimekufa, maana hapakuwa na mtu wa kuvitunza. Mtoto akiachiwa mashine pekee bado anahitaji fundi wa kuitengeneza.

NIIT yenyewe imegawanyika mara kadhaa. Tawi la kuunda programu lilitengwa mwaka 2004, likauzwa mwaka 2019, na tangu mwaka 2020 linaitwa Coforge. Mwaka 2023 mafunzo ya wafanyakazi wa makampuni nayo yakatengwa na kuwa kampuni ya pekee. Jina lililokodishwa kwa miaka mingi limepunguziwa mzigo linaoubeba.

Nirejee ghorofani. Wakati tarakilishi zetu zilipokwama na kile kiduara cha buluu kikawa kinazunguka, msichana mmoja aliyetoka kijiji chenye kinu cha kusagia mahindi alizoea kutuambia: "Ngojeni, bado inasaga." Neno likaenea darasa zima. Juma la tatu mwalimu akatukataza kulitumia, kwa sababu mtihani, alisema, ungetoka kwa wenye jina, nao hawakujua Kiswahili.