Usiikate Stempu: Namna ya Kutunza na Kusoma Barua za Vita za Babu

Matanga ya kukhu, yaani bibi, yamekwisha. Sanduku lake la bati limefunguliwa na wajukuu wanagawana vitu. Chini kabisa, chini ya leso na kipande cha zamani, kuna bahasha mbili tatu zilizogeuka rangi ya chai. Mtu anasema, "Hizo tupa." Mzuie.

Kati ya 1939 na 1945 Kenya ilitoa karibu watu 98,000 kwa jeshi la Mwingereza. Wengine waliingia Keya, yaani King's African Rifles. Wengine walikuwa madereva, wapishi, wahudumu wa hospitali na vibarua wa jeshi. Kuanzia Kimilili mpaka Kiminini, boma nyingi zilitoa mtu. Barua alizotuma nyumbani bado zipo, ila zinaoza kimyakimya. Hizi hapa hatua za kuchukua wikendi hii.

Anza na mikono. Ioshe kwa sabuni, ikauke kabisa, usipake mafuta. Tandika kitambaa safi mezani. Chai na watoto wadogo wawe mbali.

Toa bahasha moja, imalize, ndipo uchukue nyingine. Barua irudi katika bahasha yake ileile. Zikichanganyika leo, hakuna atakayezitenganisha kesho.

Karatasi ikikataa kukunjuka, usiivute. Iache mezani kwa siku moja ipate hewa, kisha jaribu tena taratibu. Usiweke maji wala mvuke.

Na sasa lile kubwa: usiikate stempu. Usiibandue, usiitie makasi, hata mnunuzi akija na pesa mkononi. Nimewahi kuonyeshwa bahasha na familia moja ya Bungoma, pembe ya juu kulia imekatwa pembetatu. Mtu wa ukoo alitaka ile stempu yenye picha ya Mfalme George wa 6. Stempu yenyewe ilikuwa ya kawaida. Kilichoondoka nayo ni nusu ya muhuri, na katika nusu hiyo ndimo ilimokuwa namba ya posta ya jeshi. Imebaki herufi A na mkia wa P. Mpaka leo watoto wa mzee aliyeiandika hawajui baba yao alikuwa nchi gani.

Pembe ile ilikuwa na uzito kwa sababu ndani ya barua askari hakuruhusiwa kutaja alipo. Jina la mji, la meli, mipango ya kikosi, vyote vilikatazwa. Afisa wake aliisoma barua kwanza, na huko mbele mkaguzi mwingine angeweza kuifungua tena. Ndiyo maana ukiisoma unakuta nusu ukurasa ni salamu, halafu ng'ombe, halafu mahindi, halafu kwaheri. Wajukuu husoma wakasema haina kitu. Safari ya babu imeandikwa nje, kwenye bahasha.

Kwa hiyo isome bahasha kama unavyosoma kitambulisho. Zima taa ya chumba, washa tochi ya simu na uilaze pembeni, mwanga upite juu ya karatasi kwa ubavu. Muhuri uliofifia utainuka. Piga picha hapohapo, kisha ikuze kwenye kioo cha simu.

Tafuta kwanza herufi O.A.S. juu ya bahasha. Maana yake mwandishi alikuwa kazini jeshini. Ukiziona, na hakuna stempu, usifikiri imedondoka. Barua nyingi za askari zilisafirishwa bila stempu.

Kisha angalia muhuri wa duara. Herufi A.P.O. ni ofisi ya posta ya jeshi, na zikitanguliwa na E.A. ni ya majeshi ya Afrika Mashariki. F.P.O. ni posta ya uwanja wa vita. Jeshi la India lilikuwa nazo nyingi, nao askari wetu waliopelekwa Burma walipigana bega kwa bega na jeshi hilo. Andika namba na tarehe pamoja, daima pamoja. Ofisi hizi zilihama na wanajeshi, kwa hiyo namba ileile yaweza kuwa nchi moja mwaka huu na nchi nyingine mwaka ujao. Wakusanyaji wa East Africa Study Circle wamechunguza mihuri hii kwa miaka mingi. Ukiwaandikia ukiwa na namba bila tarehe, umewapa nusu ya swali.

Muhuri wa mkaguzi huwa na maneno PASSED BY CENSOR na namba. Mara nyingine kuna saini ya afisa kwenye kona, au ukanda wa karatasi uliogundishwa pale bahasha ilipofunguliwa. Ukanda huo usiutoe. Usiudhanie uchafu, wala usidhani mtu wa kijijini aliiba barua.

Geuza nyuma. Hapo mara nyingi askari aliandika namba yake, cheo, jina na kikosi. Namba ndiyo dhahabu. Jina la babu huenda karani aliliandika alivyolisikia, kwa hiyo Wafula anaweza kuwa Wafulla au Wafura. Namba hukufikisha kwa mtu mmoja.

Vifupisho visikutishe. K.A.R. ni Keya. E.A.A.S.C. walikuwa watu wa magari na mizigo. E.A.A.M.C. ni matibabu. S.E.A.C. ni kamandi ya Asia ya Kusini-Mashariki iliyoundwa 1943, na ukiiona hiyo, babu alikuwa upande wa Seiloni (Sri Lanka ya leo), India au Burma. M.E.F. ni majeshi ya Mashariki ya Kati. Stempu ya Mwingereza yenye chapa E.A.F. juu yake ilitumika Somalia kuanzia 1943.

Ukikuta stempu ya Afrika Kusini iliyopigwa chapa ya Kenya, Tanganyika na Uganda, hilo si kosa la posta. Zilitolewa 1941 na 1942, wakati wa vita stempu za kawaida zilipopungua. Zinakusaidia kukadiria mwaka pale muhuri usiposomeka.

Ukishapata tarehe, ioanishe na vita. Nusu ya kwanza ya 1941, majeshi yetu yako Somalia na Ethiopia. Addis Ababa iliingiwa tarehe 6 Aprili, Gondar ikaanguka Novemba. Septemba mpaka Novemba 1942, brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki iko Madagaska. Mwaka 1943 wengi wako Seiloni wakifanya mazoezi. Kuanzia Agosti 1944 divisheni ya 11 inashuka Bonde la Kabaw huko Burma katika mvua na matope, na Desemba inavuka mto Chindwin. Batalioni ya 11 ya Keya, ya Wakenya, ilikuwamo. Kwa hiyo barua ya Oktoba 1944 inayosema tu "huku mvua ni nyingi" imekwambia mengi.

Majina ya nyumbani nayo yamebadilika. Broderick Falls si Marekani, ni Webuye. North Kavirondo ndiyo wilaya iliyokuwa na Bungoma ndani yake, ikiongozwa kutoka Kakamega. Barua ilipanda treni kutoka Mombasa, ikapita Nairobi, Nakuru na Eldoret. Ya Bungoma iliendelea na reli ya Uganda. Ya Kitale ilichepuka karibu na Eldoret na kufuata tawi la reli lililofika mjini 1926. Kutoka stesheni mara nyingi ilipitia mikononi mwa misheni, shule, chifu au mwenye duka, ndiyo maana anwani ina jina la mtu usiyemjua. Liandike kwenye karatasi nyingine. Huenda huyo ndiye aliyemsomea kukhu barua kwa sauti.

Sasa piga picha rasmi. Keti karibu na dirisha, jua lisipige karatasi moja kwa moja, fleshi izimwe. Piga mbele, nyuma, ndani, kila ukurasa, na rula kando kuonyesha ukubwa. Ukienda duka la fotokopi mjini, omba skana ya kioo bapa, ubora wa dpi 600, na simama hapo mpaka wamalize. Barua isipite kwenye mashine inayovuta karatasi.

Kama ulichonacho ni karatasi ndogo inayong'aa kama picha, yenye mwandiko mdogo sana, hiyo ni eagrafu (airgraph). Barua ya asili ilipigwa picha kwenye filamu, filamu ikasafirishwa kwa ndege, kisha picha ikasafishwa upande wa pili, yote ili kuokoa uzito. Mwanga unaweza kuiharibu. Ipige picha mara moja na uirudishe gizani.

Usilaminishe. Najua wengi hudhani ndiyo njia ya kuheshimu karatasi ya mzee. Joto na plastiki vinaifunga humo milele, na hakuna fundi wa kuirudisha. Selotepu pia hapana. Huacha alama ya kahawia inayokula wino. Pini na klipu za chuma zitoe taratibu kabla kutu haijatoboa.

Mahali pa kuhifadhi pasiwe jikoni kwenye moshi wala sakafuni kwenye mchwa. Kitale ina mvua nyingi, na sanduku la bati hutoa jasho usiku wa baridi. Funga kila bahasha kwa karatasi nyeupe safi, weka zote kwenye boksi gumu, boksi juu ya kabati, mbali na ukuta wa nje. Fungua kila baada ya miezi mitatu, uangalie wadudu.

Kama boma lenu halina barua hata moja, hasa ya vita vya 1914 hadi 1918, usiaibike. Wengi waliochukuliwa wakati huo walikuwa wapagazi wa Carrier Corps, walewale walioachia jina lao Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Wachache mno walipata wa kuwaandikia barua. Kwao rekodi simulizi za wazee, leo, kwa simu.

Kama babu hakurudi, ingia tovuti ya Commonwealth War Graves Commission na utafute kwa namba yake. Ni bure. Barua zikikatika ghafla mwanzoni mwa 1944, angalia tarehe 12 Februari. Siku hiyo meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani. Zaidi ya watu 1,200 walikufa, wakiwemo mamia ya wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Wengi wao wametajwa kwenye mnara ulio ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi.

Kwa kumbukumbu za wilaya, nenda Kenya National Archives, Moi Avenue, Nairobi. Ukitaka barua zikae mahali salama zaidi ya nyumbani, zungumza na Kitale Museum, iliyotokana na makusanyo ya Luteni Kanali Stoneham, aliyeanzisha makumbusho yake 1926. Usikabidhi kitu kabla ya kupata karatasi iliyosainiwa, inayosema ni zawadi au ni mkopo.

Mnunuzi akija, mwonyeshe picha tu. Kumbuka: wanajeshi weupe walipewa mashamba Trans Nzoia baada ya vita ile ya kwanza, na baada ya ile ya pili mpango wa kuwapa askari weupe ardhi ukarudi tena. Babu yako alirudi kutoka vitani bila ekari hata moja. Bahasha hii ni katika vichache alivyopata kuwaachia, na ikiuzwa nzima kwa shilingi mia tano itauzwa tena mbali kwa bei usiyoijua.

Jambo la mwisho ni penseli. Chukua laini, usitumie kalamu ya wino. Kwenye karatasi ya kufungia, kamwe si kwenye bahasha yenyewe, andika jina la babu, namba yake, tarehe ya muhuri, nani alipokea, na nani amekusimulia. Kisha tuma picha kwenye grupu la ukoo na uulize swali moja tu: nani mwingine ana sanduku ambalo halijafunguliwa?