Unauza gari la zamani ulilolijenga mwenyewe? Pesa ifike kwanza, ufunguo baadaye

Kuna magari ambayo huwezi kuyapata kwa yadi. Chukua mfano wa pikapu ya Peugeot 504: imeshushwa chini, bodi imenyooshwa na kupakwa rangi upya, na chini ya boneti kuna injini ya Toyota yenye nguvu kuliko ile iliyotoka nayo kiwandani. Wamarekani huliita gari la aina hii "hot rod". Hapa kwetu 504 ina heshima yake pia, maana ilishinda Safari Rally mwaka wa 1975 na tena 1978.

Gari kama hili hulijengi kwa wiki moja. Ni miaka ya wikendi, fundi huyu na yule, na spea za kutafuta Kirinyaga Road. Lakini tapeli anaweza kuondoka nalo kwa dakika tano tu akikuonyesha SMS feki. Somo letu la leo ni jinsi ya kupokea malipo bila kulia baadaye.

1. Nyoosha karatasi kabla ya kutangaza

Kama ulibadilisha injini au rangi, hakikisha rekodi za NTSA zinasema hivyo. Nambari ya injini iliyo kwenye logbuku ikitofautiana na ile iliyo kwenye gari, mnunuzi mwerevu atatoroka. Yule atakayebaki ataitumia kama sababu ya kukuangusha bei.

2. Piga hesabu ya malipo mapema

Tuseme mmekubaliana Sh850,000. Ametoa Sh50,000 ya kushikilia gari, na mmeiandika kwenye mkataba. Zimebaki Sh800,000. Je, zinaweza kuingia kwa simu yako mara moja?

Hapana. Kwa M-PESA, muamala mmoja hauzidi Sh250,000. Akaunti yako haiwezi kubeba zaidi ya Sh500,000, na mtu hawezi kutuma zaidi ya Sh500,000 kwa siku. Kama tayari una Sh30,000 kwa simu, nafasi iliyobaki ni Sh470,000 peke yake.

Kwa hivyo, ukipata SMS moja inayodai umepokea Sh800,000, hata usiumize kichwa. Ni ya uongo.

Simu ni sawa kwa ile pesa ya kushikilia gari. Salio kubwa lipitie benki. PesaLink hubeba hadi Sh999,999 kwa muamala mmoja na pesa huingia papo hapo, ila mnunuzi aulize kwanza kama benki yake imeweka kiwango cha chini zaidi. Ikiwa bei ni zaidi ya milioni, tumieni RTGS, na mpange iwe siku ya kazi.

3. SMS si pesa

Usiamini ujumbe, amini salio. Funga ule ujumbe, kisha wewe mwenyewe piga *334# au fungua programu ya simu uangalie salio. Kwa benki, ingia kwa akaunti yako au piga simu kwa tawi lako. Skrinishoti kutoka kwa simu ya mnunuzi si thibitisho.

Kuwa macho na maneno haya:

• "Boss, nimetuma, ni network tu inasumbua." Basi mtangoja pamoja mpaka network irudi. Gari halisongi.

• "Nimekutumia zaidi kimakosa, nirudishie elfu ishirini." Angalia salio kwanza. Hata kama pesa imeingia kweli, usiirudishe kutoka mfukoni. Mwambie afuate njia rasmi ya kuomba muamala urudishwe.

• "Nitumie ile nambari ya siri imeingia kwa simu yako." Usiitoe kamwe. Hakuna mnunuzi anayehitaji PIN yako ili akulipe.

SMS ya kushuku ukiipata kwa laini ya Safaricom, itume 333 bila malipo.

4. Ufunguo hutoka mwisho

Kutaneni mchana, mahali penye watu, ikiwezekana ndani ya benki. Akitaka kujaribu gari, mwende pamoja, na uwe umeona kitambulisho chake. Kisha fuateni mpango huu:

• Mkataba utiwe sahihi, ukiwa na nambari za vitambulisho, bei, tarehe na hali ya gari.
• Salio lote lionekane kwa akaunti yako.
• Anzisha uhamisho wa umiliki papo hapo kupitia eCitizen. Mnunuzi aukubali na kulipa ada kwa upande wake.
• Ufunguo sasa utoke.

Ile stori ya "tutafanya transfer baadaye" ikatae. Bora gari liwe bado kwa jina lako, sheria inakuhesabu wewe kuwa mwenyewe mpaka ithibitishwe vinginevyo. Likihusika kwa ajali au uhalifu, polisi watabisha kwako.

Mnunuzi wa kweli hataona mpango huu ni usumbufu, kwa sababu unamlinda yeye pia. Akikushika presha na kukuambia kuna mwingine anauza bei nafuu, mwache aende. Gari ulilolijenga kwa miaka linaweza kungoja wiki moja zaidi.